Kitabu Alichotusomea Mama

Mama yangu alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, kikubwa, jalada lake limeliwa na mchwa. Alipewa na sista mmoja aliyemfundisha shule ya misheni, kabla hajaolewa. Nyumbani kwetu Nachingwea, Msahafu wa baba ulikaa rafu ya juu, umefungwa kitambaa cheupe, na kitabu cha mama kilikaa rafu ya chini yake, karibu na taa ya chemli. Baba alikuwa mkulima wa korosho na mwalimu wa madrasa. Watu walimwogopa kidogo kwa ukali wake, lakini sikuwahi kumsikia akisema kitabu kile kisikae pale.

Mama alitusomea mchana, msimu wa korosho, tukiwa tumekaa barazani tunachambua. Sisi mabinti wawili, mimi na mdogo wangu, tulitenga korosho nzuri na mbovu, yeye akashika kitabu kwa mkono mmoja, macho kwenye Kiingereza, mdomo ukitoa Kiswahili. Alisoma polepole. Akifika mahali pagumu alinyamaza, akafikiri, halafu akaendelea. Miaka ile ya tisini nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na niliamini kila neno alilolitoa lilikuwa limeandikwa pale.

Hadithi ilikuwa ya binti wa mhunzi. Kijijini kwao mvua ilikatika miaka mingi, visima vikakauka. Upande wa pili wa mto mpana, uliofunikwa na ukungu siku zote, kulikuwa na nchi yenye maji tele, na mfalme wa nchi ile alisema atawafungulia maji iwapo mtu mmoja atavuka aende kuishi kwake. Binti akakubali. Lakini mto ule ulikuwa na sharti. Anayevuka anaacha jina lake. Linaandikwa kwenye jiwe ukingoni, na akishatia mguu majini analisahau. Huko ng'ambo akapewa jina jingine, akaolewa, akazaa, akalima. Kijijini kwao maji yakarudi. Miaka ikapita, na siku moja akatamani kulisikia jina lake la kwanza, akarudi mtoni.

"Akamkuta nani?" mdogo wangu aliuliza kila mara, ingawa alijua.

"Akamkuta baba yake," mama alijibu. "Mzee amekaa kando ya jiwe. Kila asubuhi alikuwa anakuja kulifuta, kuvu isilifunike jina. Alipomwona tu akalisoma kwa sauti, na binti akageuka."

"Halafu?"

"Halafu wakaenda nyumbani. Basi, chambueni."

Mimi niliisikia hadithi ile kama mtoto wa madrasa. Kwangu binti wa mhunzi alikuwa kama yule nabii aliyetupwa kisimani na ndugu zake, akapelekwa nchi ya mbali, na baba yake akamlilia mpaka macho yakapofuka. Nilipomwambia mama hivyo aliweka kitabu mapajani akaniangalia.

"Hata kwetu tulifundishwa habari za huyo," alisema. "Lakini mimi binti huyu hunikumbusha habari nyingine. Kuna kijana aliondoka nyumbani, akapotea miaka, na siku aliporudi baba yake alimwona angali mbali akamkimbilia. Hakungoja afike mlangoni."

"Kwetu wapi?" nilimuuliza.

Aliinama akaokota korosho mbovu niliyoitupa kwenye nzuri.

Baba naye siku hiyo alikuwa karibu, amekaa kwenye kigoda anasafisha mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Nilimuuliza kama mto unaosahaulisha watu majina ni uchawi, na kama ni uchawi, mbona tunasomewa. Alifuta mikono kwa tambara kabla ya kusema.

"Huo ni mtihani tu," alisema. "Jina ni la watu. Mungu anamjua mja wake hata akiitwa kwa majina kumi." Kisha akamtazama mama, na mama akatazama ukurasa.

Nilikuwa mkubwa kidogo nilipoelewa alikuwa anamwambia nini. Mama alizaliwa Mkristo, Kilimarondo, kwenye familia iliyohama kutoka upande wa Msumbiji. Baba yake, babu yangu, alikuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani. Mama alipokubali kuolewa na baba alisilimu, akapewa jina la Kiislamu, na ndilo jina pekee sisi watoto tulilolijua. Alisali sala zake tano bila kusukumwa na mtu. Alifunga. Alitufundisha kutawadha kabla hata baba hajaanza. Sikuwahi kuona dalili kwamba anajutia. Lakini kwao hakwenda, na watu wa kwao hawakuja, na sisi tulikua tukidhani ni kawaida mtu kutokuwa na babu upande wa mama.

Alifariki nikiwa kidato cha pili. Aliishiwa damu, akalazwa, siku ya nne akakata roho asubuhi, na tukamzika alasiri ile ile. Baba alikuwa ameshatuma ujumbe Kilimarondo tangu siku ya kwanza alipolazwa. Hakuja mtu. Baada ya arobaini baba alikifunga kitabu cha mama kwenye kitambaa, akakirudisha rafuni pale pale. Mimi sikukigusa. Nilijua kilichomo, na sikutaka kusikia sauti yangu mahali pa sauti yake.

Nilisoma, nikawa mwalimu wa Kiingereza, na katikati ya miaka ya elfu mbili nikapangiwa shule ya sekondari Ruangwa. Huko nilikuwa na mwenzangu, mwalimu wa historia, Mkristo mwenye moyo mwema aliyekuwa akigharamia mambo ya wanafunzi kutoka mfukoni mwake. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam na diski ya filamu. Aliposimulia kwamba ni ya binti wa mhunzi na mto wa ukungu, nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Sikujua kwamba kitabu cha mama kilikuwa kinajulikana duniani. Nilidhani ni chetu.

"Tuwaonyeshe watoto Jumamosi," alisema. "Wewe utawaeleza Kiingereza."

Tulifunika madirisha ya darasa kwa khanga na magunia, tukawasha jenereta, tukaweka televisheni yake juu ya meza ya mwalimu. Walikuja wanafunzi wengi kuliko madawati. Mimi nilisimama pembeni, tayari kutafsiri, na kusema kweli nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilikuwa naenda kuiona hadithi ya mama kwa macho.

Ukungu ulikuwa mzuri sana. Mto ulikuwa mzuri. Binti alipotia mguu majini na midomo yake ikabaki inatafuta jina, nililia, na hakuna aliyeniona kwa sababu ya giza la darasani.

Kisha akafika ng'ambo. Mama alipotusimulia watu wa ng'ambo, walikuwa wanalima, wanaanika mihogo, wanagombana visimani kama sisi. Kwenye filamu walikuwa na vilemba na ndevu ndefu, na majambia yaliyopinda. Wanawake wao wamejifunika, hawasemi. Kila walipotokea, muziki uligeuka ukawa wa kutisha. Mfalme wao alikuwa mtu anayeinama chini kusali, na kila akiinuka anaamrisha mtu auawe. Na mwishoni binti hakurudi mtoni kutafuta jina. Alirudi na jeshi la watu wa kwao, wakavuka kwa madaraja ya mbao, wakaichoma nchi nzima. Alisimama juu ya kilima, moto nyuma yake, nywele zinapeperuka, akalitamka jina lake mwenyewe.

Wanafunzi walipiga makofi. Darasa lile, wengi wao walikuwa Waislamu, watoto wa wakulima wa ufuta, wavulana kadhaa wamevaa kofia zao kichwani, nao walipiga makofi vilemba vilipokuwa vinaungua. Mimi nilikuwa nimeacha kutafsiri muda mrefu.

Tulipofungua madirisha, msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye mtandio mweupe, alinyoosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "mbona wale wabaya wote wamevaa kama babu yangu?"

Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Nilitakiwa kuwa na jibu. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa Mwislamu, na nilikuwa mtu pekee pale aliyelelewa na hadithi ile.

"Ni uigizaji tu," nilimwambia. "Kaa chini."

Akakaa. Nimewahi kusema maneno mengi ya ovyo darasani, lakini hayo ndiyo ninayoyakumbuka.

Jioni mwenzangu alinikuta nakunja khanga. Aliniuliza kwa nini nimekasirika.

"Wewe umeona nini kwenye filamu ile?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Nimeona mtu aliyepotea gizani, halafu anaokolewa anarudi nuruni. Niliguswa. Ni kama imani yetu."

"Na giza lenyewe limevaa kilemba."

Aliitoa diski kwenye deki, akaitazama kana kwamba itamwonyesha kitu.

"Sikuliona hilo," alisema mwishowe. "Nakuapia sikuliona."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwamba mtu mwema kama yule anaweza kukaa saa mbili asilione. Nilimwambia kwamba kitabu hakikuandikwa hivyo, kwamba filamu imekiharibu, na nitamletea kitabu chenyewe amwone baba wa yule binti, aliyekuwa anafuta jiwe kila asubuhi.

Likizo ilipofika nilikwenda Nachingwea. Nilimsimulia baba habari za filamu. Alikuwa amezeeka, sauti imepungua. Alisikiliza habari za vilemba na majambia bila kukasirika.

"Wametuona toka mbali," alisema tu.

Nikashusha kitabu rafuni, nikakifungua kitambaa. Kilikuwa na harufu ya vumbi na mafuta ya taa. Nilikaa barazani nikakisoma siku mbili. Kuhusu watu wa ng'ambo sikuwa nimekosea. Hakukuwa na kilemba hata kimoja. Mwandishi alisema tu kwamba walikuwa watu wa desturi nyingine, na walimtendea binti vizuri kuliko alivyotarajia. Niliweka alama za penseli ili nimwonyeshe mwenzangu.

Nilipofika mwisho niliusoma mara tatu, nikidhani Kiingereza changu kimenipotosha.

Binti anarudi mtoni. Analiona jiwe, lakini limegeuzwa, upande wenye jina umelala chini kwenye tope. Anajaribu kuliinua, hawezi. Anatazama juu ya kilima anamwona baba yake amesimama. Anamwita. Baba anamtazama muda mrefu, kisha anampa mgongo anaingia nyumbani. Ni yeye aliyeligeuza jiwe, siku ile ile maji yalipofika kijijini, kwa sababu aliona aibu kunywa maji ya ng'ambo. Binti anakaa ukingoni mpaka jua linazama, halafu anavuka kurudi kwa watoto wake. Hapo kitabu kinaisha.

Hakukuwa na mzee anayefuta kuvu. Hakukuwa na mtu aliyesoma jina kwa sauti. Mama alikuwa anafika ukurasa ule, ananyamaza kidogo, na sisi tulidhani anatafuta neno.

Nilimpelekea baba kitabu pale alipokaa, ingawa hajui Kiingereza, nikamweleza. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Aliuweka chini.

"Wewe ulikuwa na miezi minane," alisema. "Alitaka wakuone. Nilimwambia nimsindikize, akakataa, akasema nikionekana mimi itakuwa vibaya zaidi. Akakufunga mgongoni akaenda Kilimarondo. Kesho yake nilimwona anarudi. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema hawakuwepo."

"Hawakuwepo kweli?"

"Sikumuuliza tena."

Mdogo wangu alipojua nataka kwenda Kilimarondo alinikataza. Alisema mama alituachia mwisho wake, na aliyeuchagua ni yeye, kwa hiyo tuuache ulivyo. Nilimwambia nina haki ya kujua. Nilikuwa na hasira, na niliipa jina la haki.

Nilipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua ufuta. Huko mashamba yanapakana na pori. Watu walikuwa juu ya madungu wanalinda mazao yao na tembo. Nilimpata kwanza mjomba, kaka yake mama, ambaye sikuwahi kumwona. Alinishika mikono yote miwili hakuiachia, akanipeleka kwa babu bila kuniuliza nimefuata nini.

Babu alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba yake karibu na kanisa la kigango, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Nilimkumbuka baba wa yule nabii, nikajikataza kulitafutia maana jambo hilo. Wazee wengi hupata mtoto wa jicho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Ni mtoto wa binti yako aliyeolewa Nachingwea. Wa kwanza."

Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, alichanganya na Kimakonde, na mjomba alimsaidia mahali pengine.

"Sauti ni yake," alisema.

Nilimwambia mama amefariki, kama hakupata habari. Alisema alipata. Nilimwambia nimekuja na kitabu alichopewa mama na sista. Akataja jina la mama, lile la ubatizo, akauliza kama bado alikuwa anasoma Kiingereza. Alilitaja kama mtu anavyotaja jina la mwanawe, katikati ya swali, na mimi nilichelewa kujibu kwa sababu ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia.

"Nisomee," alisema.

Nilimsomea mchana ule na asubuhi ya pili, nikitafsiri kama mama alivyokuwa anatafsiri. Alisikiliza vizuri, ameinamisha kichwa. Binti alipovuka, alitikisa kichwa. Maji yalipofika kijijini, alisema, "Wakanywa."

Nilipofika ukurasa wa mwisho nilinyamaza. Nilikuwa na miisho miwili mkononi na mzee kipofu mbele yangu, na mjomba amekaa mlangoni. Ningeweza kumpa wa mama. Nikamsomea ulioandikwa. Sikuacha kitu, jiwe, tope, kilima, mgongo. Nilisoma polepole kuliko ilivyohitajika.

Kuku aliingia, mjomba akamfukuza kwa mguu.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" babu aliuliza.

"Ndivyo."

"Aliyeandika anamjua mtu wa namna hiyo." Alipapasa mkeka pembeni yake, sijui alikuwa anatafuta nini. "Nilikuwa humu ndani. Nilimwambia bibi yako aseme nimekwenda Masasi. Nilikusikia ukilia nje. Nikasema moyoni, akiita mara ya tatu natoka. Aliita mara mbili."

Mjomba alitoka nje.

"Na yeye aliwasomea hivyo?" babu aliuliza. "Ninyi watoto?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa huruma ya aina fulani. "Hapana," nilisema. "Alisema baba yake alikuwa anamngoja mtoni. Kila siku. Akamwona akamwita jina lake."

"Alisema hivyo?"

"Kila mwaka, msimu wa korosho."

Aliweka viganja usoni. Nilimtazama, na nasema ukweli, kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha nikaona mikono yake ilivyokuwa myembamba, nikaona nimekaa mbele ya mzee wa watu nimemletea kitu ambacho hana mahali pa kukiweka. Nilimwomba msamaha. Sijui kama alisikia.

Asubuhi iliyofuata mjomba alinisindikiza kwenye lori. Babu alibaki ndani. Nilirudi Ruangwa nikampa mwenzangu kitabu, tukakisoma na wanafunzi wa kidato cha tatu muhula mzima. Yule msichana mwenye mtandio mweupe ndiye aliyesoma kwa sauti sehemu za watu wa ng'ambo. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba siku ile nilimjibu vibaya, kwamba swali lake lilikuwa sahihi na mimi niliogopa. Alisema, "Sawa mwalimu," akafungua ukurasa.

Babu alifariki kabla ya masika mengine. Nilikwenda mazishini, na mdogo wangu alikuja pia, tukakaa na wajukuu, sisi wawili tu wenye hijabu kati ya watu wanaoimba. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Baada ya mazishi mjomba alitukalisha ndani ya nyumba ya babu, akatusimulia siku za mwisho za babu, jinsi alivyokuwa mpole, jinsi alivyokataa dawa. Akasema kuna jambo moja ambalo hawakulielewa. Kwa miaka arobaini babu alikuwa na kiti chake mbele kabisa kanisani, pembeni ya altare. Mwaka ule, tangu kiangazi nilipomsomea kitabu, alikataa kukikalia. Kila Jumapili aliomba apelekwe nyuma, karibu na mlango, akakaa pale mpaka ibada inaisha.

"Tulimuuliza kwa nini," mjomba alisema. "Akasema hapo panamtosha."

Mdogo wangu aliniangalia. Mimi nilitazama mlango, ule ambao mama aliita mara mbili nje yake, na sikumwambia mjomba kitu.